Unataka kufumua fleti yako ya ghorofani? Pitia hapa kabla fundi hajashika nyundo

MzeeWaPlasta:

Wakuu habari za muda huu.

Naona kila mara mtu anaulizia bei ya kubadilisha jiko au bafu kwenye fleti na majibu yanakuja ya bei tu, boksi la tailizi shilingi ngapi, fundi anachukua ngapi kwa mita, basi imeisha. Mimi kazi yangu ni finishingi, nasimamia mafundi kwenye maghorofa ya Dar, Upanga, Kisutu, Kariakoo na mara nyingine Masaki, na kinachoniuma ni kwamba hela nyingi za watu zinapotea kwenye vitu ambavyo havihusiani kabisa na bei ya tailizi. Zinapotea kwa sababu mtu anakarabati fleti kwa akili ya nyumba ya chini ya Kimara au Goba. Kule ukivunja ukuta ni wako, bomba likivuja maji yanaishia kwenye udongo wako. Ghorofani sakafu yako ndo dari la mtu mwingine, na ukilishika hilo mengine yote nitakayoandika hapa utayaelewa yametoka wapi.

Tuanze na kipi chako na kipi sio chako maana hapa wengi wanachanganya. Tanzania tuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, na ukinunua fleti yenye hati yake unamiliki ile sehemu yako, lakini nguzo, bimu (mihimili ya zege), slabu (zege la sakafu), paa, ngazi, lifti, kuta za nje na mabomba makuu yanayoshuka jengo zima ni mali ya pamoja. Kwa hiyo hata kama umelipa pesa yako yote huwezi kutoboa ukuta wa nje upitishe paipu ya AC bila wenzako kukubali. Kabla hujaita fundi nenda kwenye uongozi wa jengo omba kanuni za jengo kwa maandishi, omba na ramani za nguzo na mabomba kama zipo. Saa za kufanya kazi, kifusi kinapita wapi, lifti inatumikaje, dhamana wanayotaka uweke, yote yanakuwa humo. Kupaka rangi na kubadilisha kabati hamna ishu kubwa, ila ukitaka kubomoa ukuta, kuhamisha choo au kuziba balkoni, pita na manispaa uulize kibali.

Ukuta. Maghorofa mengi ya Dar yamesimama kwenye nguzo na bimu za zege, ukuta wa tofali katikati umejaziwa tu, ndo maana fundi anakwambia huu haubebi kitu tunautoa. Mara nyingi yuko sahihi. Sasa hiyo "mara nyingi" ndo inayonitisha, kwa sababu kuna majengo ya zamani mjini ambayo ukuta wa tofali umebeba slabu, na kwa macho huwezi kutofautisha, umepigwa plasta ileile na rangi ileile. Kugonga kwa kiganja kusikiliza mlio sio kipimo. Mwite injinia aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aje aangalie akuandikie karatasi. Tangu lile ghorofa la Kariakoo lidondoke Novemba 16, 2024 na kuua watu sitaki hata kubishana na mteja kwenye hili, kama hataki injinia mimi sigusi ukuta.

Halafu kuna kosa dogo dogo ambalo wenye fleti hawalioni kabisa. Fundi umeme anataka kuhamisha soketi, pale anapotaka kuiweka ni kwenye nguzo, basi anachukua grenda na tindo anachimba mfereji kwenye nguzo apitishe bomba la waya. Nenda kaangalie kwa karibu kabla hawajaziba: utakuta pete za nondo zimeonekana, nyingine imekatwa, halafu wanaziba na plasta nyepesi na skimu juu, ukuta unang'aa. Kwa hewa yetu ya chumvi ya Pwani ile nondo inaanza kushika kutu humo ndani, kutu inavimba, zege linapasuka vipande. Nguzo haichimbwi. Bimu haichimbwi. Slabu haichimbwi. Soketi ihame, au waya upite juu ya ukuta kwenye trankingi, lile kasha la plastiki la kupitishia waya. Na kwenye minara mipya ongeza swali moja kwa uongozi: slabu ina nyaya za chuma zilizovutwa? Maana majengo mengine mapya slabu zake zina hizo nyaya zilizokazwa kwa nguvu kubwa sana, ukitoboa ukaikata moja umepunguza uwezo wa sakafu kubeba mzigo na aliyeshika drili anaweza kuumia vibaya.

Sasa bafu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko kesi zote zinakotoka.

Watu wanaamini tailizi inazuia maji. Haizuii. Maji yanapita kwenye grauti (ile saruji ya kujazia kati ya tailizi na tailizi), yanapita kwenye kona, yanakaa chini ya tailizi kwenye ile saruji ya kusawazisha, yanatafuta njia taratibu mpaka yanatokea kwa jirani kama doa la kahawia kwenye jipsamu yake. Kinachozuia ni dawa ya maji inayopakwa CHINI ya tailizi, na hiyo huioni kazi ikiisha, ndo maana fundi asiye mwaminifu anaipunguza huko. Utaratibu unakuwa hivi: toa tailizi za zamani mpaka zege, safisha vumbi lote, ziba nyufa, kona zote za sakafu na ukuta zungushia wavu wa faiba, paka mkono wa kwanza, acha ukauke kama ndoo inavyoelekeza, mkono wa pili paka kwa kukatiza ule wa kwanza. Ukutani panda angalau sentimita 30, kwenye sehemu ya kuogea panda mpaka karibu mita 2. Zungusha vizuri pale tundu la kutolea maji linapokutana na sakafu maana nikiulizwa sehemu moja inayovuja kuliko zote nitasema hapo, kwenye duara la lile tundu.

Dawa ikikauka na KABLA ya kuweka tailizi ziba tundu, jaza maji sentimita chache, chora mstari wa penseli ukutani usawa wa maji, acha saa 24, na kama unaweza acha 48. Nenda kwa jirani wa chini na tochi uangalie dari lake. Mstari ukishuka sana au dari likitoa jasho unarudia, na kurudia saa hiyo ni gharama ya ndoo moja ya dawa. Ukigundua baada ya tailizi, makabati na kioo kuwekwa ni kubomoa kila kitu na kulipa dari la mtu. Sijui kwa nini watu wanaruka hiki kipimo, maji yenyewe ni ya bomba tu.

Na mwinamo. Sakafu ya bafu ishuke kuelekea tundu kama sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita. Mwaga ndoo ya maji usimame uangalie yanakwenda wapi kabla hujalipa.

Jambo lingine ni uzito, hili watu hawalifikirii kabisa. Sakafu ya fleti ya kuishi kwa kawaida inahesabiwa kubeba watu na vitu kama kilo 150 hadi 200 kwa mita mraba. Ukimwaga saruji mpya ya kusawazisha ya sentimita 5 juu ya sakafu ya zamani umeongeza kama kilo 100 kwa kila mita mraba, hapo hujaweka tailizi ambayo nayo ni kilo 20 na ushee, hujaweka sofa wala wageni wa shughuli. Yaani zaidi ya nusu ya uwezo umeshaumaliza na vitu ambavyo havitembei. Toa ya zamani kwanza ndo uweke mpya. Na kifusi usikiache kimerundikwa katikati ya sebule siku nzima, kitoe kwenye viroba kila jioni.

Niishie hapo kwanza, wenye maswali waulize na mafundi wenzangu waongezee hasa wa bomba na umeme.

Binti_Kisutu:

Asante sana mkuu umenifungua macho. Sasa mimi niko katikati ya hii kitu, fundi wangu ananiambia bafu langu tailizi za zamani bado ziko imara kwa hiyo anaweka mpya juu yake na gundi, hakuna kuvunja, hakuna kelele kwa majirani, na napunguza gharama. Nimkubalie?

MzeeWaPlasta:

Dada sebuleni ningekwambia tuongee, bafuni hapana. Kwanza ile dawa ya maji iliyoko chini ni ya tangu jengo linajengwa, kama ilikuwepo, na ukiweka tailizi juu umeifungia huko huko na uchovu wake. Pili sakafu inapanda kama sentimita na nusu, sasa bafu linatakiwa liwe chini kidogo kuliko korido, pima pale mlangoni utakuta tofauti yenyewe labda ni sentimita 2, ukipandisha maji yanatoka kuja chumbani. Tatu mlango utakwaruza itabidi ukatwe chini, na mfuniko wa tundu la maji utabaki kwenye shimo. Mwambie avunje. Kelele za siku mbili tatu ukiwa umewapa majirani taarifa mapema hakuna atakayekulaumu.

SpanaMkononi:

Fundi bomba hapa. Niongezee la choo maana wateja wanaangalia picha mtandaoni wanataka choo kihamie upande wa pili wa chumba. Paipu ya choo ni inchi 4, ina unene wa sentimita 11, na inatakiwa ishuke kama sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita ili uchafu usafirie. Ukihamisha choo mita 3 kutoka kwenye bomba kuu inayoshuka, mwisho wa paipu utakuwa umeshuka sentimita 4.5 mpaka 6, jumlisha na ule unene wake tayari unahitaji nafasi ya zaidi ya sentimita 15 chini ya choo. Hiyo nafasi utaipata wapi kwenye slabu? Ndo hapo unaona mtu amejenga jukwaa bafuni unapanda ngazi kwenda chooni, na jukwaa lenyewe limejazwa kifusi na saruji, uzito aliousema mkuu hapo juu. Au anatoboa slabu anapitisha paipu kwenye dari la jirani, hiyo ni kesi moja kwa moja. Kiache choo karibu na bomba kuu. Sinki na bafu la kuogea unaweza kuhamisha kirahisi zaidi.

Kingine, kila fleti inatakiwa iwe na valvu yake ya kufunga maji. Majengo ya zamani utakuta valvu imeganda au haipo, kwa hiyo ukitaka kubadilisha bomba moja lazima ufunge maji ya line nzima, watu wa floo saba wanakaa bila maji kwa sababu yako. Anza kazi kwa kuweka valvu mpya. Na mabomba ya PPR (ya plastiki, yanaunganishwa kwa kuchomwa moto) yakishachomwa yapimwe kwa presha kabla ya plasta, unajaza maji unapandisha presha mpaka mara moja na nusu ya ile ya kawaida, unaacha masaa, geji isishuke. Kiungio kilichochomwa vibaya hakivuji siku ya kwanza, kinavuja pampu ya jengo ikiwaka usiku na presha ikapanda.

MzeeWaPlasta:

Mkuu umemaliza. Na piga picha kuta zote kabla ya kuzibwa, weka tepu ya kupimia ionekane kwenye picha, ili mwakani ukitaka kutundika TV ujue paipu inapita wapi.

JiraniWaChini:

Naomba niongee kwa niaba ya sisi tunaokaa chini. Jamaa wa juu yangu alikarabati, hakusema kitu, tulisikia nyundo tu asubuhi ya Jumapili watoto wamelala. Baada ya muda dari la chumba changu likaanza doa, mara doa likawa na tone. Nikapanda kumwambia akasema hiyo ilikuwepo zamani, fundi wake naye akasema hivyohivyo. Sikuwa na ushahidi wowote. Tumekuja kuelewana baada ya uongozi wa jengo kuingilia lakini salamu zimepungua mpaka leo, na huyu ni mtu tuliyekuwa tunafuturu pamoja.

Ombi langu kwa mnaokarabati: kabla ya kuanza mwombe jirani wa chini uingie na simu, mrekodi wote wawili dari lake, bafu na jikoni, kila mmoja abaki na kopi. Inamlinda yeye na inakulinda wewe, maana kweli kuna madoa ya zamani ambayo watu wanaweza kukubambikia.

MzeeWaPlasta:

Pole sana ndugu yangu. Hili la kurekodi dari kuanzia sasa nitalifanya kwenye kila kazi, ni zuri sana.

UmemeSalama:

Upande wa umeme nitaongea kitu kimoja tu kwa sababu ndo kinachounguza fleti. Hita ya kuogea ile ya papo kwa papo ya kilowati 5.5, kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta kama ampia 24. Sasa mtu ananunua dukani anamwambia fundi aifunge, fundi anavuta kutoka kwenye soketi ya karibu ambayo waya wake ni wa milimita mraba 2.5, na kwenye line hiyohiyo kuna friji na mashine ya kufulia. Waya unapata moto ndani ya ukuta, breka inadondoka, mtu anachoka na breka kudondoka anaweka kubwa zaidi. HAPO NDO UMEWASHA MOTO. Breka ipo kulinda waya, ukiikuza bila kukuza waya umeondoa ulinzi wote. Hita ivutiwe waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, milimita mraba 6 ndo salama, na breka yake peke yake, na kifaa cha kukata umeme unapovuja kwenda kwenye maji. AC nayo kila moja line yake.

Na kabla ya kuongeza vitu vyote hivi uliza fleti yako imepewa ampia ngapi kutoka kwenye bodi kuu ya jengo. Majengo ya zamani waya unaopanda toka chini ulihesabiwa kwa taa, feni na friji, hakuna aliyewaza AC tatu na jiko la umeme. Fundi awe na leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), mwombe akuonyeshe, mwenye nayo haoni tabu kuitoa.

Mama Nasra:

Nyie wanaume mmeongea zege na waya, mimi niseme la jikoni. Msidanganyike na makabati ya mbao za unga, zile zilizoshindiliwa na kubandikwa karatasi ya kung'aa. Yanapendeza dukani kwenye AC, kwa joto na unyevu wa Dar kabati la chini ya sinki linavimba miguu, karatasi inabanduka, kombamwiko wanahamia. Chini ya sinki weka marine bodi (plaiwudi inayovumilia maji) au hata uache wazi na pazia. Miguu ya makabati iwe ya plastiki ipande juu kidogo, ili ukipiga deki maji yasiguse mbao. Na jipsamu ya kawaida msiweke bafuni, wekeni dari la PVC, linafutika.

Kingine wanangu, madirisha. Ukiziba balkoni kwa alminiamu ili upate chumba cha ziada umeziba na upepo wa bahari uliokuwa unapoza nyumba nzima, unabaki na AC mchana na usiku. Mimi wangu nimewakatalia.

MzeeWaPlasta:

Mama shikamoo, na umenikumbusha la graniti. Kaunta ya graniti ya unene wa sentimita 2 ina kilo kama 54 kwa mita mraba, kwa hiyo kipande cha mita 3 kwa sentimita 60 ni karibu kilo 100. Uzito sio shida kubwa, shida ni kwamba mita 3 haiingii kwenye lifti ya kawaida hata ukiisimamisha. Watu wanalipia kipande kizima kisicho na kiungio, kinafika getini, lifti inakataa, vijana wanakibeba ngazini floo ya sita, kinagonga kona kinapasuka pale kwenye tundu la sinki ambapo ndo pembamba. Pima mlango wa lifti, pima ndani ya lifti urefu wa kushoto chini mpaka kulia juu, pima kona ya ngazi, ndo uende dukani. Kama lazima kikatwe basi wewe uchague kiungio kikae wapi, kikae mbali na sinki. Tailizi kubwa za sentimita 120 kwa 240 na sofa zile za kona nazo hivyohivyo.

WaKilimani:

Sasa wasee, niko Nairobi na hii story ni ileile. Huku kwetu tuna Sectional Properties Act ya 2020, so siku hizi wenye nyumba wana shirika lao la jengo na hizo sheria ndogo ziko serious. Kwa jengo letu huwezi leta fundi bila kupeana majina na kopi za kitambulisho kwa menejimenti, unalipa deposit ya kurudishiwa kama hujaharibu lifti, na kazi ya kelele ni wikendi hapana. Keyataka (mwangalizi wa jengo) anazima kazi papo hapo. Mwanzoni niliona ni usumbufu lakini nikaona lifti imefunikwa mbao ndani kabla mchanga kupandishwa nikaelewa. Kontrakta pia hakikisha amesajiliwa na NCA, mamlaka ya ujenzi ya Kenya.

Swali langu kwa fundi, kwa malipo mnafanyaje? Maana huku fundi anachukua deposit anapotelea kwa kazi nyingine.

MzeeWaPlasta:

Karibu sana jirani. Malipo gawanya kwa hatua inayoonekana kwa macho, usigawanye kwa wiki. Vifaa nunua mwenyewe au nenda naye dukani, ufundi ndo umlipe yeye. Bafu kwa mfano: kubomoa na kutoa kifusi kumekwisha anapata sehemu yake, mabomba yamepimwa presha anapata, maji yamekaa saa 48 jirani hajaona kitu anapata, tailizi na vifaa vimefungwa anapata, na asilimia 10 ibaki mpaka mwezi mmoja umeshaogea humo ndani. Fundi mzuri anaukubali huu mpango kwa sababu anajua kila hatua hela ipo. Na muandikiane, hata ukurasa mmoja wa daftari wenye sahihi mbili na shahidi, unaosema rangi gani, unene gani, dawa ya aina gani, nani anatoa kifusi.

Mpangaji_Upanga:

Wakuu na sisi wapangaji je? Mwenye nyumba wangu amesema nikarabati jiko na bafu kwa hela yangu halafu tutakatana kwenye kodi. Tumeongea kwa simu tu lakini ni mtu mzima na namheshimu.

MzeeWaPlasta:

Heshima yako kwake iendelee lakini iandikwe. Andika orodha ya kazi, gharama mliyokubaliana, kodi inapungua kiasi gani kwa mwezi na mpaka lini, na kama akiuza au akifariki warithi wanaheshimu vipi. Risiti zote ziwe na nakala yake. Na huo uongozi wa jengo unamtambua yeye kama mmiliki, kwa hiyo barua ya kuomba ruhusa aisaini yeye, likitokea la kutokea usije ukabaki peke yako. Nimeona mtu amemaliza jiko zuri sana na mkataba wake ulikuwa umebaki miezi mitatu.

Kaka_Orlando:

Niko Florida huku nafuatilia huu uzi kwa makini. Nataka tu kuwakumbusha la Surfside, karibu na Miami, ghorofa la fleti lenye floo 12, upande mmoja ulidondoka usiku wa Juni 24, 2021, watu 98 walikufa. Injinia alikuwa ameshaandika ripoti mwaka 2018 kwamba dawa ya kuzuia maji chini ya eneo la bwawa la kuogelea imeshindwa na maji yanaharibu zege la chini yake, na wamiliki walikuwa wametakiwa kuchanga mamilioni ya dola kwa matengenezo, wakachukua muda mrefu kukubaliana. Uchunguzi wa chanzo ni mambo marefu sana lakini kwa sisi wa kawaida ujumbe wa ile ripoti ulikuwa wazi, maji yakikaa ndani ya zege yanaharibu. Kwa hiyo unapopanga bajeti ya jiko zuri uliza na mfuko wa jengo una hali gani, paa lilifanyiwa kazi lini, tenki la juu linavuja? Haina maana kuweka graniti chini ya paa linalovuja.

MzeeWaPlasta:

Kaka umesema kweli kabisa, na huku kwetu ndo udhaifu mkubwa. Savisi chaji ya mwezi watu hawalipi halafu mtu huyohuyo anaweka dari la mamilioni floo ya mwisho kabisa. Kama unakaa juu kabisa panda darini na injinia kwanza, angalia mifereji ya mvua imeziba au la, kabla ya masika.

Binti_Kisutu:

Nimeongea na fundi, amekubali kuvunja na kujaza maji saa 48, jirani wa chini nimeshaingia kwake tumerekodi dari. Swali la mwisho mkuu, nianze na nini na tailizi ninunue ngapi?

MzeeWaPlasta:

Hongera dada. Mpangilio: kubomoa na kutoa kifusi, kisha mabomba na umeme wa ukutani, vipimwe, plasta na kusawazisha sakafu kwa mwinamo, dawa ya maji, kipimo cha saa 48, tailizi za ukutani, tailizi za chini, dari, rangi mkono wa kwanza, makabati, sinki na choo na taa, rangi mkono wa mwisho. Mlango weka mwishoni ili upimwe na sakafu iliyokamilika. Fundi akikwambia makabati yaje mapema kwa sababu seremala yuko huru wiki hii, kataa, vumbi la grenda litaingia kwenye kila bawaba.

Tailizi piga mita za mraba ongeza asilimia 10 za kukatwa na kuvunjika, na zote zitoke kwenye toleo moja. Ubavuni mwa boksi kuna namba ya toleo na ya rangi, geuza kila boksi usome kabla halijapakiwa kwenye bajaji, maana jina linaweza kuwa lilelile na rangi ikapishana kidogo, dukani huoni, bafuni chini ya taa nyeupe unaona kila siku. Mabaki usimwachie mtu, boksi moja liweke uvunguni, siku paipu ikipasuka na tailizi mbili zikavunjwa hilo toleo dukani litakuwa limeshaisha.